Fikira Nzito na Tumbo Lisilosaga Chakula



Iko misemo katika lugha yetu ambayo twaitumia kila siku bila kuifikiri. Mtu anayengoja habari ya mgonjwa wake aliyelazwa hospitali, au mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani, twasema kwamba yu matumbo joto. Aliyeambiwa neno la kumvunja nguvu husema amekatwa maini. Na aliyekaribia kutapika, pamoja na yule aliyeona jambo la kuchukiza, wote wawili husema kwamba moyo umewachafuka, kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Wazee wetu hawakuwa na chombo cha kutazamia ndani ya mwili wa mtu aliye hai, lakini walikuwa wamekwisha kutambua kwamba hofu na uchungu havikai kichwani tu, bali hushuka mpaka tumboni. Leo nataka kuwaeleza jinsi matabibu walivyolihakikisha jambo hilo kwa macho yao, na kwa nini kulijua kwaweza kumwokoa mtu na taabu ya miaka mingi.

Kwanza tuelewane juu ya maradhi yenyewe. Simsemi mtu aliyekula pilau mno siku ya arusi akavimbiwa usiku kucha; dawa ya huyo ni kungoja asubuhi. Namsema yule ambaye kwa miezi, pengine kwa miaka, chakula hakimkai vema. Akila matonge matatu hujiona ameshiba kama aliyemaliza sinia nzima. Akiondoka penye chakula, tumbo humjaa na kufura, akawa anacheua kila mara. Pengine huona moto au maumivu chini ya kidari, mahali pale mbavu zinapoachana, na pengine kichefuchefu. Siku moja hajambo kabisa, na kesho yake chakula kile kile humtesa. Mtu huyu amekwenda hospitali, wakampima, pengine wakampitisha mpira mwembamba wenye taa kooni mpaka ndani ya mfuko wa chakula, na wasione kidonda wala uvimbe. Wala yeye si mtu wa ajabu peke yake: katika watu wanaotazamwa namna hiyo kwa ajili ya tumbo la jinsi hii, zaidi ya nusu hawaonekani na kidonda chochote.

Hapo ndipo mashaka yake yanapoanza mara ya pili. Wako watakaomwambia, "Huna ugonjwa, ni mawazo yako tu," nao maana yao ni kwamba anajitia ugonjwa. Wako watakaosema kwamba amelishwa kitu na adui, naye huanza kumwogopa jirani, na kuchelea kula hata kwa ndugu zake. Na wako watakaomwuzia dawa za kuharisha za kila rangi, mpaka mwili umedhoofu na fedha ya kuwasomesha watoto imekwisha. Wote hao wamekosea. Lakini hayo ya "mawazo tu" ndiyo nitakayoyashika kwanza, kwa sababu ndani yake mna nusu ya kweli, na ile nusu nyingine imewaumiza wengi.

Hadithi ya kweli nitakayoianza ni ya mtu aliyekuwa na dirisha tumboni. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kilicho katika maziwa makubwa yaliyo kati ya Marekani na Kanada, kijana mmoja Mkanada jina lake Alexis St. Martin alisimama dukani pamoja na wenziwe. Alikuwa mchukuzi katika biashara ya ngozi za wanyama. Bunduki ya mtu mwingine ikafyatuka kwa bahati mbaya, karibu naye mno, na marisawa yakampasua ubavu wa kushoto. Daktari wa jeshi aliyekuwa huko, William Beaumont, alimwuguza pasipo matumaini. Lakini kijana alipona. Ila jambo moja lilibaki: lile tundu halikuziba. Kingo zake zilishikana na kingo za mfuko wa chakula, hata ikawa mtu akisukuma ngozi kwa kidole aweza kuona mambo yanayotendeka mle ndani.

Tangu mwaka 1825 Beaumont alianza kulitumia dirisha hilo. Alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza tunduni, kisha akavivuta baada ya saa moja, au mbili, au tatu, aone vilivyoyeyuka na visivyoyeyuka. Alichota yale maji makali yanayosaga chakula akayatia chupani pamoja na nyama, akaona nyama inayeyuka hata nje ya mwili. Mwaka 1833 alitoa kitabu chenye habari za majaribio zaidi ya 200, nacho kiligeuza elimu ya tumbo. Humo aliandika pia jambo ambalo hakukusudia kulitafuta: siku ambazo St. Martin alikuwa na hasira, kazi ya kusaga chakula iliharibika, na chakula kikakawia.

Tusimsahau St. Martin mwenyewe. Alikuwa na sababu za kukasirika. Alikaa mbali na kwao, akamtumikia daktari huyo kama mtumishi wa nyumbani, akipasua kuni kwa mikono yake na huku tumbo lake linachunguliwa. Alimwacha na kurudi Kanada zaidi ya mara moja. Alipokufa mwaka 1880, miaka mingi baada ya daktari mwenyewe kufa, jamaa zake waliuweka mwili makusudi mpaka ukaharibika, kisha wakamzika kwa kina kirefu, ili matabibu wasipate kumpasua. Nadhani walikuwa na haki. Twamshukuru mtu huyo kwa elimu tuliyoipata, hali yeye hakuulizwa sana kama apenda kuitoa.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei, inayopenya nyama ya mwili, na tangu hapo haikuwa lazima mtu awe na tundu ubavuni ndipo aonekane ndani. Muda mfupi baadaye mwanafunzi wa utabibu katika chuo cha Harvard, Marekani, jina lake Walter Cannon, aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na dawa inayoonekana nyeusi katika miale hiyo, akawatazama. Aliona mfuko wa chakula unakwenda kwa mawimbi, wimbi nyuma ya wimbi, ukikisukuma na kukiponda chakula. Lakini paka akitaabika au kukasirika, mara mawimbi yalisimama. Mfuko ukakaa kimya kama kinu kilichoachwa mchi ndani. Paka akipapaswa mgongoni mpaka akatulia, mawimbi yakaanza tena.

Cannon huyo, alipokuwa bingwa mkubwa, alisimulia pia habari za bibi mmoja. Bibi huyo alikuwa na taabu ya tumbo, akaja mjini Boston pamoja na mumewe ili apimwe. Walilala hoteli. Asubuhi alipewa chakula kidogo cha kupimia, na baada ya saa moja daktari akatoa kilichokuwamo tumboni. Akastaajabu: chakula cha asubuhi hakikusagika hata kidogo, maji makali hayakuwamo, na zaidi ya hayo kilikuwamo chakula kingi cha jana jioni. Mtu angesema kwamba tumbo la bibi huyu limekufa. Lakini daktari wa jamaa yake alieleza kilichotokea usiku ule. Mume, alipofika mji mkubwa, alikuwa ameshika ulevi mpaka akapita mipaka, na mke alikesha katika fadhaa. Basi wakampumzisha. Baada ya usiku mmoja wa kulala vema alipimwa tena, na tumbo lilikuwa zima: maji makali yamo kama ipasavyo, na chakula kimesagwa na kupita.

Wasikilizaji, naomba mlitazame jambo hilo kwa makini. Tumbo lilikuwa la bibi, na ulevi ulikuwa wa mumewe. Kama daktari angalimpa dawa ya tumbo jioni ya siku ile, asubuhi tungesema kwamba dawa imemponya.

Baadaye kidogo, katika miaka ya 1940, madaktari wawili wa New York, Stewart Wolf na Harold Wolff, walimchungua mtu waliyemwita Tom. Alipokuwa mtoto alikunywa supu ya moto mno ikamwunguza umio mpaka ukaziba, na tangu siku hiyo alikuwa akilishwa kwa tundu lililopasuliwa tumboni. Aliposhikwa na hofu, ngozi ya ndani ya mfuko wa chakula ilipauka, na maji makali yakapungua. Alipokuwa na chuki na hasira ya kufungia moyoni, ngozi hiyo ilikuwa nyekundu, na maji makali yakazidi. Kwa hiyo si kila uchungu wa moyo hufanya kazi moja. Pengine hulizima tumbo, pengine huliwasha.

Sasa tuulize: ni njia gani inayochukua hofu kutoka kichwani mpaka tumboni? Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa ya fahamu, ambayo ni kama nyuzi za simu. Mmoja ulio mkubwa, uitwao vagasi, hutoka chini ya ubongo, hupita shingoni na kifuani, ukafika kwenye mfuko wa chakula na matumbo. Tena katika kuta za matumbo yenyewe mna chembe za fahamu zaidi ya milioni 100, zinazoendesha kazi ya kusaga chakula pasipo sisi kuwa na habari. Na ajabu kuliko zote ni hii: nyuzi nyingi za mshipa wa vagasi, kiasi cha nne katika kila tano, hazipeleki amri kutoka ubongoni kwenda tumboni. Huleta habari kutoka tumboni kwenda ubongoni. Tumbo husema zaidi kuliko linavyoambiwa.

Mtu akikutana na simba njiani, mwili hauna haja ya kushughulika na ugali wa asubuhi. Damu hukimbilia miguuni, moyo hupiga mbio, kinywa hukauka, na kazi ya tumbo husimamishwa mpaka hatari ipite. Mpango huo ni mwema, nao umeokoa wengi. Lakini simba hupita. Deni la dukani halipiti. Kesi ya shamba haipiti kwa siku moja, wala mtoto aliyekwenda mjini akaacha kuleta habari, wala mume ambaye kila jioni hurudi na maneno makali. Mtu aliye na mambo ya namna hiyo hula kila siku huku simba ameketi naye mkekani.

Mambo mawili hutokea tumboni mwake. La kwanza, mfuko wa chakula wa mtu aliyetulia hulegea chakula kinapoingia, kama kiriba kinavyotanuka kikitiwa maji. Lakini kwa wagonjwa wengi wa namna hii haulegei ipasavyo, na ndiyo sababu matonge matatu humshibisha. La pili ni kwamba mishipa ya fahamu ya tumbo huwa mikali kupita kiasi. Mnajua jinsi wapiga ngoma wanavyoiota ngoma motoni mpaka ngozi ikawambika. Ngozi iliyolegea huipiga kwa kofi na isilie sana. Iliyowambwa huigusa kwa kidole ikavuma. Tumbo la mtu mwenye mawazo mengi ni kama ngoma hiyo. Chakula kile kile, upepo ule ule, ambao mwenzake hausikii kabisa, yeye humwuma. Kwa hiyo maumivu yake ni maumivu ya kweli. Hajitii. Amwambiaye "ni mawazo tu" afadhali aliondoe lile neno la mwisho, kwani mawazo ni jambo zito lenye mishipa yake, nalo laweza kusimamisha chakula tumboni usiku kucha.

Njia hiyo, kama nilivyosema, ni ya kwenda na kurudi. Mwaka 2012 madaktari wa Australia walitoa habari za watu waliowafuata kwa miaka 12. Wale ambao mwanzoni walikuwa na wasiwasi mwingi lakini matumbo yao mazima, walielekea zaidi kuliko wenzao kupata maradhi ya tumbo ya namna hii baadaye. Na wale ambao mwanzoni walikuwa na maradhi ya tumbo bila wasiwasi, miaka ilivyopita wasiwasi na huzuni ziliwazidi. Kwa wengine kichwa kilitangulia, kwa wengine tumbo.

Nanyi mwaweza kuona jinsi jambo hilo linavyokuwa kijijini. Mwanamke ambaye kila akila hufura tumbo huacha kwenda arusini, maana atalazimishwa kula na ataumbuka. Kisha huacha kwenda kwa shemeji zake. Nao husema kwamba anaringa. Usiku halali, kwa sababu tumbo linawaka. Na kwa kuwa halali, kesho yake kila jambo dogo humchoma. Huanza kukihofu chakula chenyewe. Leo ameacha maharage, kesho mchicha, keshokutwa maziwa, mpaka amebaki na uji na chai, amekonda, na jirani sasa wananong'ona kwamba ana ugonjwa mkubwa. Naye huyasikia manong'ono hayo, na tumbo huzidi. Nani atasema hapo kama maradhi ni ya tumbo au ya moyo? Ni gurudumu moja.

Lakini hapa lazima nigeuke niwaonye juu ya kosa la upande wa pili, ambalo hata matabibu walilifanya kwa miaka mingi. Walipokwisha kuona kwamba hasira hugeuza tumbo, walipita kiasi. Mgonjwa wa vidonda vya tumbo aliambiwa kwamba sababu ni fikira zake na pilipili zake, apumzike, anywe maziwa. Katika mji wa Perth, Australia, mwaka 1979, tabibu Robin Warren aliona kwa hadubini vijidudu vilivyopindapinda juu ya ngozi ya mfuko wa chakula. Wengi walisema kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika maji makali vile. Yeye na mwenzake Barry Marshall walijaribu kuviotesha katika vyombo, visiote, mpaka siku za Pasaka za mwaka 1982, vyombo viliposahauliwa siku zaidi kuliko desturi, ndipo vikaota. Mwaka 1984 Marshall alivinywa vijidudu hivyo mwenyewe! Baada ya siku chache akashikwa na kichefuchefu na kutapika, na walipomtazama ndani wakakuta mfuko wake wa chakula umevimba na kuwaka. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Vijidudu hivyo huitwa Helikobakta, navyo vimo katika zaidi ya nusu ya watu wa Afrika. Wengi havionyeshi dalili yoyote kwao. Lakini kwa wengine ndivyo vinavyochimba vidonda, na dawa za kuua vijidudu, zikitumiwa sawasawa mpaka ziishe, huviondoa.

Fikirini basi ni watu wangapi walioambiwa watulize mioyo yao, hali walikuwa wakihitaji dawa. Wala habari za mawazo hazikufutwa na ugunduzi huo. Baada ya tetemeko kubwa la nchi la Kobe, Ujapani, mwezi wa Januari 1995, madaktari wa huko waliona vidonda vya tumbo vinavyotoka damu vikiongezeka. Lakini tangu Warren na Marshall, tabibu mwenye busara hasemi "mawazo" kabla hajapima.

Kwa hiyo mwenye tumbo la kudumu aende kwanza hospitali au zahanati akapimwe, na hasa wapimwe vijidudu hivyo. Aseme dawa zote anazokunywa. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu hununua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti, zaweza kutoboa vidonda tumboni. Na ziko dalili ambazo hazingoji mazungumzo ya moyo wala redio: kutapika damu, au matapishi kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu, kutapika kila siku, uvimbe tumboni, upungufu wa damu, au taabu ya tumbo iliyoanza mara ya kwanza katika umri wa uzee. Mwenye dalili hizo apelekwe mapema. Anayetapika damu apelekwe saa ile ile.

Tuseme amepimwa, na hapana kidonda wala kijidudu, au vijidudu vimeuawa na taabu ingali ipo. Afanye nini? Chakula ale kidogo kidogo mara nyingi, kuliko kujishindilia mara moja usiku. Ale polepole, asilale papo hapo. Akipunguza mafuta mengi, pombe na tumbaku atapata nafuu. Lakini asikate vyakula vyote kwa hofu, bali kile tu ambacho amekiona kwa hakika kwamba humdhuru. Kutembea kila siku kwafaa. Kupumua polepole kwa tumbo, si kwa kifua, dakika kumi kabla ya kula, ni dawa isiyo na bei, maana hupunguza mbio za mwili wenye hofu. Daktari aweza kumpa dawa ya kupunguza maji makali kwa majuma machache. Pengine atampa dawa kama amitriptilini, ambayo kwa kipimo kikubwa hupewa wagonjwa wa huzuni, na kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa mikali ya tumbo. Akipewa hiyo asidhani kwamba ameonekana kuwa mwendawazimu.

Lakini je, yule simba aliyeketi mkekani? Huyo hafukuzwi kwa vidonge peke yake. Majaribio ya madaktari yameonyesha kwamba mazungumzo ya utaratibu na mtu aliyefundishwa kazi hiyo hupunguza hata maumivu ya tumbo lenyewe. Mtajibu kwamba kijijini hatuna watu wa namna hiyo. Basi sikilizeni habari za Zimbabwe. Katika Mbare, mtaa mmoja wa mji wa Harare, daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi mwaka 2006 pamoja na bibi vizee 14. Watu wa huko wana neno la Kishona, kufungisisa, maana yake ni kufikiri kupita kiasi, kama sisi tusemavyo kwamba fulani ana mawazo. Bibi hao walifundishwa kuketi na mgonjwa juu ya benchi nje ya zahanati, kumsikiliza bila kumkatiza, na kumsaidia kuchagua katika shida zake moja inayoweza kushikwa, na kuishika. Walifanyiwa jaribio lililohusu watu 573, na mwaka 2016 majibu yakatangazwa: baada ya miezi 6 wale waliokaa na bibi zao walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko wale waliopewa matibabu ya desturi. Kazi hiyo imefika hata Malawi na Zanzibar. Jaribio lilikuwa la mawazo, si la matumbo. Ila kwa hayo niliyokwisha kuwaeleza, mwaona kwamba umbali kati ya hayo mawili si mkubwa.

Asiye na benchi la namna hiyo na atafute mtu mmoja mwenye kufunga mdomo: shangazi, au mjomba, au mwalimu, au mzee wa mtaa. Na ninyi mtakaofuatwa, msifanye haraka ya kutoa shauri. Mtu aliyesumbuka usiku kucha hahitaji kuambiwa asisumbuke. Mwulizeni, "Ni lipi zito kuliko yote?" kisha nyamazeni. Tena mkiona kwamba kwa zaidi ya majuma mawili hana furaha na kitu chochote, halali, au anasema habari za kutaka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa daktari, na mwendo huo msiuonee haya kuliko wa malaria.

Neno moja kwa wakuu wa nyumba. Wako wenye desturi ya kungoja wakati wa kula ndipo waulize fedha imekwenda wapi, na nani amevunja nini, na kwa nini fulani ameshindwa mtihani. Mtoto humeza ugali pamoja na machozi, kisha usiku hulia tumbo, na mama hutafuta dawa ya minyoo. Mambo hayo yana wakati wake, lakini wakati wake si huo, na bibi yule wa Boston ni shahidi wangu.

Mwisho, kazi ndogo kwa mwenye taabu hii ajuaye kuandika, au mwenye mtoto aliye shuleni wa kumwandikia. Chukua daftari, uchore safu nne. Ya kwanza iwe ya saa uliyokula. Ya pili ya ulichokula. Ya tatu ya hali ya tumbo baadaye. Na ya nne ya jambo lililokuwa moyoni saa ile. Andika kwa siku 14, bila kuficha. Wengi huijaza safu ya pili kwa bidii na kuiacha ya nne tupu. Usiiache. Kisha ulichukue daftari hilo uende nalo kwa daktari, na akikuuliza unaumwa nini, mwonyeshe safu zote nne.